Saa ya Komanda

Wanangu mliorithi chumba changu cha kompyuta, mmeniomba niandike jinsi tulivyokuwa tukiweka programu za wachumi kwenye kompyuta wakati wa vita. Najua mnachotafuta. Mnataka kucheka diski zetu zilizokwaruzika na ile modemu iliyokuwa ikilia kama mbuzi aliyefungwa. Chekeni, haitaniuma. Ila nawaambia mapema kwamba ninachokikumbuka kuliko vyote katika kazi ile ni woga. Nimestaafu, nina wajukuu, nakunywa chai yangu uani bila kukimbizwa na mtu, na bado umeme ukikatika nageukia mlango kwanza.

Mimi ni Mwajuma wa mtaa wa Bwiza, binti wa muuza vitenge. Linux, mfumo ulioendesha kompyuta zetu, nilijifunza kwa binamu yangu aliyerudi safari na CD moja na kitabu cha Kiingereza ambacho nusu yake hatukuielewa, si yeye wala mimi. Ofisi moja ya mipango pale katikati ya mji wa Bujumbura ilinichukua kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyekubali kushinda kwenye chumba kisicho na dirisha, katikati ya nyaya na feni. Mama yangu aliwaambia majirani kwamba natengeneza redio. Ilikuwa rahisi kueleza, na wakati ule kadiri kazi yako ilivyokuwa rahisi kueleza, ndivyo ulivyolala vizuri zaidi.

Kompyuta zenyewe zilikuwa kuukuu, za msaada, zilizochoka huko Ulaya. Moja peke yake haikuweza hesabu za wachumi, kwa hiyo tuliziunganisha zote kwa nyaya zifanye kazi kama mashine moja. Kwa Kifaransa huitwa grappe. Sisi tuliita mkungu, kama mkungu wa ndizi, na kila kompyuta tuliipa jina la samaki wa ziwa letu. Sangala ndiye aliyekuwa mkubwa wao, anayegawa kazi. Mukeke na Kuhe walikuwa wachapakazi. Ndagala alikuwa mdogo na mgonjwa, na kila Jumatatu alinipotezea asubuhi nzima.

Mkungu ule ulikuwa wa wote, na kitu cha wote kina adabu yake. Alitujia mhandisi mmoja kijana, amesoma mbali, ana haraka. Alitaka kuweka programu mpya, programu ikadai maktaba mpya, yaani lile fungu la vifaa ambalo programu nyingi hulitumia kwa pamoja. Yeye akafuta ya zamani akaweka mpya, akaenda kula. Aliporudi, wachumi wote walikuwa wamejaa kwenye korido wakinitafuta, maana kila kilichokuwa kikifanya kazi jana kilikuwa kimekufa. Sheria niliyoiweka siku ile naiacha kwenu kama urithi: ya zamani usiiguse. Weka mpya pembeni, kwenye chumba chako mwenyewe ndani ya mashine, uijaribu kwa hesabu ndogo, ndipo uwafungulie wengine mlango. Ninyi sasa mna njia za kufunga programu na kila inachohitaji kwenye sanduku lake, hata haionani na jirani. Mnadhani mmevumbua kitu. Mmepata sanduku tu, adabu ni ileile.

Adabu nyingine za chumba kile hamtazikuta kwenye kitabu. Tuliongea Kiswahili, kwa sababu hakikumwelekeza mtu upande wowote wa vita. Na hakuna aliyemuuliza mwenzake analala wapi. Ukitaja mtaa umeshamwambia mtu wewe ni nani, au anachodhani wewe ni nani, na watu walikuwa wakifa kwa hilo.

Mimi nilijua anakolala mmoja tu, Mzee Balthazar, kwa sababu aliniambia mwenyewe. Alikuwa mchumi mkubwa kuliko wote pale, mjane, mwembamba, koti moja mwaka mzima. Alikaa Ruziba, kusini kando ya ziwa, ambako alilima nyanya, na jirani yake aitwaye Mama Goreth alimwachia sahani ya ugali mlangoni kila jioni. Juu ya Ruziba kuna milima, na milimani walikuwemo waasi. Mwanamume wa Ruziba kila kizuizi cha barabarani kilimtazama mara mbili. Kila mchana Mzee Balthazar alikunja karatasi zake na kuondoka mapema, kabla barabara haijafungwa, na mimi roho yangu haikutulia mpaka nimwone tena asubuhi.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, ingawa Linux hakuijua hata kidogo. Alinifundisha kwa ugonjwa wake, maana alikuwa na ugonjwa: hakuweza kuliacha kosa lipite. Kwenye arusi ya mpwa wake alimsahihisha padri. Kwenye baa moja ya Bwiza alichukua chaki akasahihisha hesabu ya mwenye baa, tena yeye mzee ndiye akalipa zaidi. Na alikuwa na neno moja alilolirudia mpaka likanikera: "Mwajuma, usiweke ndani ya mashine namba ambayo hukuiona kwa macho yako."

Neno hilo nililitumia hasa kwenye saa. Ndani ya kila kompyuta kuna betri ndogo inayoitunzia saa hata umeme ukizimwa. Betri zetu zilikuwa zimekufa zote, na madukani hazikupatikana. Umeme ukikatika, mkungu mzima uliamka ukidhani tuko miaka mingi nyuma, kabla hata ya vita. Wakati mwingine nilitamani kuuacha hukohuko. Ila programu ya wachumi ilikuwa na leseni yenye tarehe ya kuanza. Ikiona mwaka wa nyuma ilisema leseni haijaanza, ikagoma. Kwa hiyo kila umeme uliporudi, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumwendea Mzee Balthazar, kutazama saa ya mkononi mwake, na kumwandikia Sangala tarehe na saa. Samaki wengine walifuata. Saa yangu mimi ilikuwa imechukuliwa na vijana wa kizuizini.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Programu ilikuwa mpya, ya kupimia uchumi wa nchi nzima: unaipa hali fulani, inakuambia bei zitakwenda wapi na watu watakula nini. Nilikuwa nimehangaika nayo kwa majuma. Ilikuwa bado chumbani kwangu, kwenye jina langu, kwa sababu haikuwa imewahi kumaliza hesabu hata moja. Kwa hiyo majaribio yote, hata ya Mzee Balthazar, yaliingia kwenye foleni ya mashine kwa jina la Mwajuma. Na foleni ile ilionekana na kila mtu. Wachumi walikuwa wakigombana nani yuko mbele ya nani, mpaka nikachukua skrini moja nikaigeuzia mlangoni ili kila anayepita aone zamu yake. Niliona nimefanya jambo la akili sana.

Wiki hiyo makombora yalikuwa yameanguka mjini, na wanajeshi walipekua majengo moja baada ya jingine. Walifika kwetu asubuhi, umeme ukiwa umekatika na kurudi muda huohuo. Komanda alikuwa mtu wa makamo, mkimya, nyuma yake askari wawili wenye bunduki. Alisimama mlangoni, na mbele ya macho yake ikawa ile skrini yangu. Ilikuwa na mstari mmoja: jina la mwenye kazi, jina la kazi, na hali yake. Mwajuma. Sud coupé. En attente. Kusini imekatwa, inasubiri.

"Ni nani Mwajuma?" aliuliza.

"Ni mi, komanda."

"Hii iko kitu gani? Kusini imekatwa. Munangoja nini hapa?"

Nikasikia kiti cha Mzee Balthazar kikilia nyuma yangu. Hali ile ya barabara kufungwa aliiandika yeye, na nilimjua: asingekubali kazi yake isimame kwa jina la mtu mwingine. Angeinuka, angesema ni yangu, na swali la pili lingekuwa anakaa wapi. Mtu wa Ruziba aliyeandika kwamba kusini imekatwa. Asingefika chini ya ngazi akiwa hai. Nikaongea kabla hajafungua mdomo.

"Ni kazi yangu, komanda. Ni hesabu ya maharagi."

"Maharagi?"

"Maharagi, mihogo, mafuta ya mawese. Tunauliza mashine: barabara ya kusini ikifungwa, bei ya soko itakuwa namna gani?"

"Na nani alikuambia barabara itafungwa?"

"Hakuna mutu, komanda. Tunauliza tu. Tuko na zingine, ona."

Nikamfungulia zile nyingine, nikidhani najiokoa. Kaskazini imekatwa. Ziwa limefungwa. Bandari imefungwa. Kila mstari niliomwonyesha, uso wake ulizidi kukunjamana, na mimi mkono umeshaanza kufungua siwezi kuurudisha.

"Kumbe munataka kufunga inchi yote," alisema taratibu. Askari mmoja akasogea mlangoni. "Sikiliza, dada. Kama ni mashine ya hesabu, ifanye hesabu. Sasa hivi. Mi naangalia."

Wanangu, nimezaa watoto wanne na sijawahi kuomba Mungu kama nilivyomwomba pale. Programu ile haikuwahi kufika mwisho. Na hapo juu ya skrini niliuona mwaka: ulikuwa ule wa zamani. Umeme ulikuwa umekatika na mimi sijaweka saa. Nikibonyeza ilivyo, mashine itagoma, na mashine ikigoma mimi ni mwongo.

Kwa kweli leseni ilitaka tarehe tu, saa ningeweza kukisia. Lakini mwenye hofu hufanya alichokizoea, na mimi nilizoeshwa kutoandika namba nisiyoiona. Mzee Balthazar nisingeweza kumgeukia, macho yote yangemfuata. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema:

"Komanda, samahani, ni saa ngapi?"

Askari wakatazamana. Komanda akanitazama kana kwamba nimemwomba bunduki yake, kisha, sijui ni kwa nini, akakunja mkono wa shati.

"Saa tatu na robo."

"Unaweza kunionyesha? Lazima nione mwenyewe."

Akanyoosha mkono. Nikaisoma saa yake, nikaandika, vidole vikigonga herufi mbilimbili, nikafuta, nikaandika tena. Sangala akakubali. Nikaiachia kazi. Foleni ikabadilika: haisubiri tena, inaendelea.

Ikaendelea, haimalizi. Komanda aliketi. "Nielezee," akasema. Mimi najua kuweka programu, ya ndani yake ni ya wachumi. Nikaanza kubwabwaja. Nikasema barabara ikifungwa vitu vinapungua, hilo lilikuwa sawa. Kisha woga ukanichanganya nikasema, "Na bei ikipanda, watu wananunua zaidi."

Nyuma yangu Mzee Balthazar alikohoa. Kwa macho ya kisogoni nilimwona: mkono umeinuka nusu, kidole cha mwalimu kimesimama. Nikasema moyoni, ee Mola, mfunge huyu mzee mdomo leo tu, kesho anisahihishe mpaka jioni.

"Wananunua zaidi?" Komanda alikunja uso. "Wako na wazimu? Bei ikipanda mutu ananunua kidogo. Hata muke yangu anajua hiyo."

"Ndiyo, komanda! Kidogo. Ndivyo mashine inavyosema."

"Sasa hata mashine yako inakushinda."

Askari mmoja akacheka puani. Na hapo hesabu zikatoka. Kwa mara ya kwanza tangu niiweke, programu ilifika mwisho: mistari ya bei, mistari ya chakula, mkoa kwa mkoa. Komanda akainama akasoma kwa kidole, polepole, kama anayesoma matokeo ya mtoto wake.

"Na sisi wanajeshi tuko wapi humu?"

"Hamumo, komanda. Humu muko watu wa soko tu."

Akasimama, akashusha mkono wa shati juu ya saa yake. "Badilisha hiyo jina," alisema, na wakaondoka. Nikaibadilisha pale pale, ikaitwa Maharagi, na skrini nikaigeuzia ukutani.

Mzee Balthazar alisubiri mpaka buti zao zisisikike kwenye ngazi. Akanijia. "We mutoto! Bei ikipanda wananunua zaidi? Mi nilikufundisha hiyo?" Nikacheka, nikalia, nikacheka tena. Akavuta kiti akaketi. "Usinisemee tena maisha yako yote," akasema. Kisha kwa sauti ndogo: "Asante, mwanangu."

Mnadhani hofu iliishia hapo. Hapana, iliongezeka. Sasa tulikuwa tumejulikana. Kila gari lililosimama chini, mikono yetu iliachana na kibodi. Maana nilianza kufikiri: na barabara ile ikifungwa kweli, je? Atarudi kuniuliza nilijuaje.

Alirudi. Ilikuwa mchana, wakati Mzee Balthazar alikuwa tayari anakunja karatasi zake aende zake. Safari hii Komanda alikuja peke yake. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile skrini, akaigeuza, akalinganisha na saa ya mkononi mwake.

"Saa yenu iko nyuma," alisema.

"Nitaiweka sawa, komanda."

Akaendelea kutazama skrini, mgongo kwetu. "Nani hapa anakaa upande wa kusini?"

Swali ambalo hatukuulizana kwa miaka yote, mtu mwenye bastola kiunoni ameliuliza kama anayeomba chumvi. Nyuma yangu kiti kikalia. Mzee Balthazar alikuwa amesimama, karatasi kifuani.

"Mi," alisema. "Nakaa Ruziba."

Komanda aligeuka akamtazama kwa muda. Akamjua, nadhani, yule mzee aliyekohoa.

"Leo usirudi kule," akasema. Akatoka.

Nilimchukua Mzee Balthazar nyumbani kwetu Bwiza. Mama alimpikia. Kabla ya magharibi tukaanza kusikia milipuko upande wa kusini, mizito, ikifuatana, na madirisha yakitetemeka. Barabara ilifungwa kweli. Mimi nilikuwa na furaha, sitaki kuwadanganya, furaha ya aibu, kwa kuwa mtu wangu yuko mbele yangu na mkono wake umo kwenye sahani. Yeye hakula.

"Ameambia mi peke yangu," alisema. "Mwajuma, mi niko na majirani."

Barabara ilipofunguliwa alikwenda. Akarudi kazini siku iliyofuata na koti lilelile, akakaa, akaniomba nimfungulie Maharagi. Alikuwa amepita masokoni na bei zote ameziona kwa macho yake. Alizilinganisha na zile ambazo mashine ilitoa siku ile mbele ya komanda, mstari kwa mstari. Nilisubiri anionyeshe kosa.

"Iko sawa," alisema. "Karibu kabisa."

Nikamwambia hongera, kazi yetu imekubali. Akatikisa kichwa. Akaniambia mlango wa Mama Goreth uko wazi, sufuria iko juu ya mafiga, na hakuna mtu anayejua alikimbilia wapi au kama alikimbia. Kisha akaweka kidole kwenye skrini, kwenye mstari wa kusini, ambapo mashine ilisema kila nyumba itapunguza chakula kiasi fulani.

"Mama Goreth iko wapi humu?" aliniuliza.

Nikaufuata ule mstari kwa kidole mpaka mwisho. Mama Goreth hakuonekana tena, na Mzee Balthazar hakulima nyanya tena. Alihamia kwa dada yake, mtaa wa Nyakabiga, akaendelea kutusahihisha mpaka alipostaafu, lakini hesabu ya kusini alimwachia mtu mwingine.

Siku hizi mashine zenu zinachukua saa zenyewe kwenye mtandao, hazimsumbui mtu. Vizuri. Lakini nikija kuwatembelea na umeme ukakatika ukarudi, mtanisikia nikiuliza, jamani, ni saa ngapi? Nanyi mtacheka, mtasema Bibi, si iko hapo kwenye skrini. Naiona, wanangu, macho yangu bado mazima. Nauliza tu nisikie kama wote mpo.